Namna ya kupima faida ya sayansi ya raia hapa Bukavu bila kuwaumiza wale wanaopima

Kama unasimamia kundi la raia wa kawaida wanaopima mvua, nyufa za nyumba ao maji ya mto kwenye kartie yenu, ile tunaita sayansi ya raia, siku moja mtu atakuuliza: sasa hiyo kazi imeleta nini? Anaweza kuwa mfadhili, mwalimu wa chuo, shefu wa kartie, ao mama wa hapo hapo avenyu ambaye kila asubuhi anaona jirani yake anachungulia chupa anayopimia mvua. Swali ni la haki na linastahili jibu. Shida iko kwa namna wengi wanalitafuta hilo jibu: wanachapisha karatasi ya maswali kurasa na kurasa, wanatuma vijana na pikipiki, wanawakalisha watu waliojitolea kama wako kwenye mtihani wa serikali, halafu karatasi zinapanda gari na hakuna anayerudi tena. Nataka kueleza njia ingine, kwa mfano wa kazi ya kupima mvua na nyufa kule Kadutu, komine moja ya mji wetu, lakini unaweza kuigeuza kwa taka za plastiki za ziwa, kwa ndege, kwa bei za soko, kwa chochote raia wanachohesabu wenyewe.

Mimi nashika kitu kimoja na sikiachi: wale wanaopima ndio wenye kazi. Kwa hiyo wao ndio wanaanza kusema faida ni nini, na jibu linarudi kwao mbele ya kwenda kwa mtu mwingine yeyote.

Kwa asiyejua mji wetu, hii kazi si mchezo wa watoto. Pale Funu, hapa hapa mjini, ardhi inatembea, polepole lakini inatembea mwaka baada ya mwaka, na maelfu ya watu wamejenga juu yake. Kuna utafiti ulitoka mwaka 2022, watafiti walilinganisha picha za angani za miaka mingi wakaona kwamba ujenzi wenyewe umeongeza mwendo wa ule mlima, pamoja na maji yanayoingia ndani ya udongo. Na hakuna mtu wa Kivu ya Kusini aliyesahau Bushushu na Nyamukubi, kule Kalehe, mwezi wa 5 mwaka 2023, mvua ikashuka na watu zaidi ya 400 wakapoteza maisha. Hivyo mama anayeandika milimita zake kwenye daftari kila asubuhi anafanya kitu kizito, na ukija kumpima yeye uje na heshima ya kiasi hicho.

Anza kwa kukaa nao chini, karatasi zako ziache kwanza. Mbele kazi haijaanza, ao kama ilishaanza basi mapema iwezekanavyo, kusanya wapimaji na uwaulize swali moja: misimu miwili ya mvua ikipita, ungependa kuona nini kimebadilika? Halafu nyamaza usikilize. Utasikia vitu ambavyo haviko kwenye fomu ya mfadhili hata moja. Huyu anataka mfereji wa juu uzibuliwe, yule anataka ajue ni mvua ya namna gani inapaswa kumfanya awatoe watoto wakalale kwa shangazi yao, mwanafunzi anataka kitu cha kuonyesha akitafuta kazi, papa mmoja mzee anataka tu wale wa ofisi wamsikilize akisema ukuta wake umepasuka. Andika kwa maneno yao yenyewe, usisafishe. Hayo ndiyo vipimo vyako vya kwanza.

Baada ya hapo ndio unaweza kuchukua ngazi za wataalamu kuangalia kama kuna kitu mmesahau. Kule Ulaya kulikuwa mradi unaitwa MICS, ulianza 2019, wao waligawa faida ya sayansi ya raia kwa sehemu tano: jamii, uchumi, mazingira, utawala, na sayansi pamoja na teknolojia. Ni mgawanyo mzuri wa kukagulia, lakini usijilazimishe kujaza sehemu zote tano, kundi dogo la avenyu likigusa mbili limefanya kazi. Pia ile jumuiya ya Ulaya ya sayansi ya raia, ECSA, ilitoa kanuni kumi mwaka 2015, na moja inasema wazi kwamba mradi upimwe kwa sayansi uliyotoa, kwa ubora wa data, kwa yale mshiriki aliyopitia, na kwa mabadiliko kwenye jamii ao siasa. Angalia vizuri, yale mshiriki aliyopitia yamewekwa pamoja na mengine, hayakuwekwa pembeni. Hapa karibu na sisi pia, upande wa Uganda, kwenye milima ya Rwenzori, tangu 2017 kuna wanavijiji waliofundishwa kuripoti maporomoko na mafuriko kwa simu. Basi usikubali mtu akuambie hii ni kitu cha wazungu peke yao.

Sasa, huwezi kusema kitu kimebadilika kama hujui kilikuwa vipi. Piga picha ya mfereji leo. Andika ni nani anaitwa kwenye mikutano ya kartie na ni nani haitwi. Uliza watu wachache wakueleze milimita 30 za mvua ni nini. Ikiwa kazi ilishaanza zamani na hamkufanya hivyo, kuna njia: unamuuliza mtu mara moja, kwa kikao kimoja, mbele ya kuanza kupima ulikuwa unaelewa kiasi gani, na leo unaelewa kiasi gani. Hii mara nyingine inashinda hata kuuliza mara mbili, juu mwanzoni mtu anaweza kujipa alama kubwa kwa kuwa hajui bado ni nini hajui, halafu akishajifunza anajipa ndogo, na wewe kwenye hesabu yako unaona amerudi nyuma wakati amepanda. Ubaya wake ni kwamba kumbukumbu inapendelea, mtu anaongeza tofauti ili akufurahishe, kwa hiyo usiitegemee peke yake.

Ridhaa, hapa nakaa kidogo. Watu wengi wanafikiri kama mama alikubali kupima mvua basi alishakubali na kuulizwa maswali kuhusu maisha yake. Hapana, hizo ni ruhusa mbili. Ile ya kwanza ni ya chupa, hii ya pili ni ya yeye mwenyewe. Omba upya, kwa mdomo inatosha kama hasomi, kwa Kiswahili chetu ao kwa Mashi, na isemwe taratibu namna hii:

“Jambo mama. Ile kazi ya mvua unafanya na sisi, asante sana. Leo tunaomba kitu kingine, hiki ni tofauti. Tunataka kukuuliza kama ile kazi imekusaidia ao imekusumbua. Itachukua kama nusu saa. Unaweza kukubali, unaweza kukataa, unaweza kuruka swali lolote, na ukikataa chupa yako inabaki yako na kazi inaendelea vile vile. Jina lako hatuandiki kwenye hii karatasi. Majibu ya watu wote tutayaleta hapa avenyu mbele ya kuyatuma kokote. Uko na swali, mama?”

Halafu subiri kweli hilo swali. Mara nyingi ni swali moja: nani atasoma? Jibu ukweli, taja wote. Kwa mwanafunzi ambaye bado mtoto, mzazi akubali na mtoto mwenyewe akubali pia, mmoja wao akisema hapana ni hapana.

Anayeuliza asiwe wewe unayegawa kredi ya simu na biki. Heshima ya kwetu inajulikana, mtu hawezi kumwambia usoni yule anayemsaidia kwamba kazi yake inachosha. Tafuta mtu wa kartie ingine, na kama wapimaji wengi ni wamama, tuma mama. Muda wao ulipwe ao urudishwe kwa namna mliyokubaliana, kiasi kile kile kwa anayesifu na anayelalamika, hata kwa yule aliyefika halafu akaamua hajibu, na kitangazwe siku ya kwanza ili kisionekane kama kununua majibu. Mama aliyeacha meza yake ya mboga nusu saa amepoteza wateja, hilo ni jambo la franka kabisa.

Ubora wa data nao unapimika bila kumfedhehesha mtu. Tuchukue chupa: ni chupa ya plastiki iliyokatwa shingo, shingo ikageuzwa kuwa mlango wa juu, chini mmeweka vijiwe na maji mpaka mstari wa sufuri kwa sababu kitako cha chupa si sawa, na rula imebandikwa ubavuni. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji kwa kila mita mraba, hiyo kila mpimaji aielewe. Kama mtu anatumia chombo ambacho mdomo wake haulingani na tumbo, apime maji kwa mililita, agawanye kwa eneo la mdomo kwa sentimita mraba, azidishe kwa 10: mililita 50 kwa mdomo wa sentimita mraba 100 ni milimita 5. Kupima ubora, weka chupa mbili kwenye parseli (kiwanja) moja kwa wiki kadhaa, kila moja na mtu wake, saa moja ya asubuhi, bila kuangaliana. Tofauti yao ndiyo kosa lenu la kawaida. Iandike kwenye ripoti bila aibu, hata vyombo vya bei kubwa viko na kosa lake.

Nyufa ni vile vile. Misumari miwili, mmoja kila upande wa ufa, mnapima kutoka kichwa cha msumari mpaka kingine kwa rula. Watu wawili wakipima ufa mmoja siku moja na wakatofautiana milimita moja, basi msidai kwamba ukuta umesogea milimita moja. Subirini uvuke hapo. Na muandike kama ni ufa wa plasta tu ao ni wa ukuta mzima ao wa ardhi yenyewe, juu plasta inapasuka kwa sababu zake nyingi.

Ukikagua madaftari utaona alama fulani: namba zinazopenda kuishia na 0 na 5, ao siku ambazo kartie nzima ilipata mvua na chupa moja imeandika sufuri. Usikimbilie kusema mtu anadanganya. Nenda umuone nyumbani, kaa, uliza chupa iko wapi sasa. Pengine mbuzi aliiangusha, pengine mtoto alikunywa maji yake, pengine mama alikuwa matanga ya ndugu yake na akaandika sufuri kwa kuogopa kuacha nafasi wazi. Fundisheni tangu mwanzo kwamba nafasi wazi inaruhusiwa na si aibu: sufuri maana yake hakukunyesha, wazi maana yake sikuangalia. Daftari lenye nafasi wazi nyingi lina thamani kuliko daftari lililojaa kwa woga, mimi naliamini zaidi. Na ukipanga majina ya wapimaji kwa nani ni bora na nani ni wa mwisho halafu ukabandika hiyo orodha ao ukaitupa kwenye grupu ya WhatsApp, umeshaharibu, usifanye hivyo kabisa.

Kuna madhara ambayo fomu nyingi hazina hata mstari wake. Kwa upande wa nyufa ni hatari sana. Papa anapima ufa wa nyumba yake kwa moyo mzuri, data inawekwa kwenye ramani, ramani inaonekana na kila mtu, na sasa mpangaji anahama, mnunuzi wa parseli anashusha bei, ao mtu wa ofisi anakuja na habari ya kubomoa bila kusema familia itaenda wapi. Ukweli aliousaidia umemgeukia. Kwa hiyo kwenye tathmini yako weka swali la wazi: je, hii kazi imekuletea tatizo lolote, na jirani, na mwenye nyumba, nyumbani kwako, na wakubwa? Katika mji ulioona vita kama wetu, mtu anayesimama kila asubuhi akipiga picha mlima na kuandika kwenye simu anaweza kushukiwa, wengine wamezoea kusikia “munakula pesa za wazungu”. Hayo yote ni matokeo ya kazi yenu, yahesabiwe pamoja na mazuri.

Namna ya kulinda: majina kwenye daftari moja linalofungiwa, data kwenye lingine lenye namba tu. Kwa ramani ya kila mtu punguza tarakimu za GPS, zile namba zinazoonyesha mahali, ukibakisha mbili baada ya nukta unakuwa na eneo la kama kilomita moja, tatu ni kama mita 110, hiyo tayari inaelekea kumtaja mtu. Mtandao wa iNaturalist, wa watu wanaoripoti mimea na wanyama, unafanya jambo kama hilo kwa viumbe walio hatarini, unaficha mahali kamili, basi binadamu na nyumba yake asikose kile anachopewa chura. Namba kamili wape tu wanaozihitaji kazini, kwa idhini ya mwenye nyumba. Na picha zifutwe kwenye simu ya mpimaji zikishatumwa, asitembee nazo.

Kuhusu maswali yenyewe, yawe machache. Ningeuliza haya tu, kwa sauti ya mazungumzo: umefanya nini tofauti nyumbani kwa sababu ya hizi namba? Nani amekuuliza kuhusu mvua ao ufa ambaye zamani hakuwa anakuuliza? Nini kinakuchosha? Ungekuwa wewe ndio unasimamia, ungeondoa nini? Halafu unamwacha asimulie. Kuna njia iliyoanzishwa na Rick Davies huko Bangladesh miaka ya 1990, ya kukusanya hadithi za mabadiliko: kila mtu anasimulia badiliko lililokuwa kubwa kwake, kisha kundi linakaa, linasikiliza zote, linachagua ipi ni nzito zaidi na linasema kwa nini. Hiyo “kwa nini” ndiyo dhahabu, inakuonyesha watu wanathamini nini. Kwa kwetu inaingia vizuri kwa sababu watu wamezoea kukaa na kusimuliana, lakini angalia wanaume wasichague peke yao, na hadithi inayomtambulisha mtu isomwe tu kama mwenyewe ameruhusu.

Usisahau walioacha. Hawa ndio wanajua mengi na ndio hawaulizwi, tathmini nyingi zinaonekana tamu kwa sababu zimeuliza waliobaki tu. Tuma ujumbe mmoja wa adabu, asipojibu mwache, kuondoka ni haki yake wala hapaswi kueleza. Angalia pia ambao hawakuingia tangu mwanzo: wapangaji wanaohamahama, wasio na simu, wanaotoka nyumbani kukiwa bado giza. Kama wapimaji wote wako na parseli zao na simu nzuri, sema hivyo kwenye ripoti.

Halafu inakuja sehemu ambayo kila mtu anapenda kuzidisha chumvi. Tuseme mfereji ulizibuliwa. Ni sisi? Nenda kwa shefu wa kartie, kwa unyenyekevu, umuulize: shefu, mliamuaje kuzibua ule mfereji? Usimtajie namba zenu kwanza. Akizitaja mwenyewe, vizuri. Tafuta kama kuna barua ao kumbukumbu za mkutano. Uliza kama palikuwa sababu zingine, labda salongo ya Jumamosi, ile kazi ya pamoja ya usafi, labda shirika lingine lilikuja na pesa, labda ukuta ulianguka na watu wakakasirika. Kisha andika kwa kiasi: tulichangia, na ushahidi wetu ni huu. Hakuna ubaya kusema mchango wetu ulikuwa mdogo. Kwa upande wa sayansi, uliza kama kuna mtu wa chuo, iwe Chuo Kikuu cha Serikali cha hapa, iwe kituo cha utafiti cha Lwiro, alizitumia namba zenu, kwa nini, na je alitaja waliopima. Wapimaji wenyewe wachague kama wanataka kutajwa kwa jina, kwa kundi, ao wasitajwe.

Sasa kurudisha. Mbele ya kutuma ripoti popote, itisha kikao hapo hapo avenyu, saa ambayo wamama wamemaliza soko. Chora kwenye karatasi kubwa: mvua ya kila mwezi kwa vijiti, ufa upi ulifunguka na upi ulitulia, bila kutaja nyumba. Soma yale watu walisema, mazuri na yanayouma. Uliza wapi tumekosea kuwaelewa, na wakisema hapana hiyo si hivyo, badilisha, ao kama wewe bado unaona tofauti basi andika maoni yote mawili. Ripoti ya mfadhili itoke hapo. Kurasa mbili za Kiswahili zibaki kwa shefu wa avenyu na kwa kila mpimaji anayetaka. Sauti mlizorekodi zifutwe tarehe mliyoahidi, na mtu mmoja wa kundi aone zinafutwa.

Hicho kikao kifanywe mwezi wa 7 ao wa 8, wakati wa kiangazi, ili yale wapimaji waliyoomba, chupa mpya, saa ingine ya kupima, kuondoa picha, kulipwa kredi kila wiki badala ya kila mwezi, yawe yamefanyika mvua ya Septemba ikianza.